Pakiti ya mazoezi ya Julius Caesar: kurasa za kuchapa na kurasa za kuacha

Niliinunua mwezi wa pili kwa shilingi 18,000. Nililipa kwa simu, na faili likaingia WhatsApp hata sijarudisha simu kwenye mkoba. Ni kurasa 64 za mazoezi ya darasani ya tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caesar, yaliyoandaliwa kwa wanafunzi ambao Kiingereza bado wanakitafuta. Jina la muuzaji naliacha, maana nina ya kusifia na ya kulalamikia, na sitaki riziki ya mtu iyumbe kwa maoni ya mwalimu mmoja.

Nafundisha Kiingereza sekondari ya kutwa hapa Morogoro. Watoto wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia Kidato cha Kwanza, karibu kila somo linageuka Kiingereza, na mtu aliyekuwa anajibu maswali ya sayansi kwa kujiamini ananyamaza. Akifika Kidato cha Tatu atakukaririshia maana ya osmosis neno kwa neno, lakini mwambie aombe kalamu kwa Kiingereza uone anavyotazama chini. Kwa ajili ya hao nilianzisha klabu ya Jumamosi asubuhi. Tupo 46, na madawati tunayabeba wenyewe hadi chini ya mwembe.

Niliichagua Julius Caesar kwa sababu ya kitabu kimoja cha marehemu baba, chenye jalada lililoshikwa na gundi. Ni Juliasi Kaizari ya Julius Nyerere. Kabla siasa haijamchukua alikuwa mwalimu wa Tabora na Pugu, na tamthiliya hii aliitafsiri nzima, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, akaipitia upya ikatoka tena 1969. Nikajiambia kuwa kazi ambayo Mwalimu aliona inastahili usiku wake wakati nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, na mimi naweza kuipa Jumamosi zangu.

Nianze na gharama, kwa sababu bei ya faili ni mwanzo tu. Steshenari ya jirani na shule wanachapa ukurasa kwa shilingi 100. Kurasa 64 zikala 6,400. Kisha nilitaka kila mtoto ashike karatasi tano mkononi mwake: tano mara 46 ni 230, shilingi 23,000 nyingine. Jumla 47,400 kutoka mfuko wangu. Picha za rangi zilitoka nyeusi tii, hujui Brutus, rafiki anayemuua Caesar, ni yupi na nguzo ni ipi. Viungo vya video sikuvigusa, bando langu halibebi hayo na projekta hatuna. Ningeshauriwa mapema, kurasa 1 hadi 9 nisingezichapa kabisa.

Hizo kurasa tisa ni historia na maelekezo ya jumla, na zina kosa linalouma. Zimeandika kwamba Caesar alikuwa mfalme wa kwanza wa dola ya Roma. Hakuwa. Alikuwa dikteta, akauawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, na anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutawala Roma kama dola ya mtu mmoja ni Augustus, kuanzia 27 KK. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, ila tamthiliya yote inasimama juu ya hofu kwamba Caesar *atavishwa* taji. Brutus anaua kwa sababu ya jambo ambalo halijatokea. Ukimwambia mtoto kwamba taji lilishavaliwa, umemwondolea swali gumu kuliko yote yaliyomo humo.

Zoezi la ukurasa wa 14 ndilo lililonifanya nisijutie hela yangu. Wanafunzi wanasimama, mkono kifuani, wanasoma mstari kwa pigo la moyo: jepesi, zito, jepesi, zito, mara tano. Mistari mingi ya Shakespeare ina silabi kumi. Maelekezo ya pakiti yamejaa istilahi mpaka mwalimu mwenyewe anachoka, nikayaweka pembeni nikasema neno moja: mizani. Hilo hawahitaji kufundishwa. Shairi la mizani nane na nane wanalijua, na wanajua kwamba mshororo ukizidi mwalimu wa Kiswahili anakata alama.

Basi tukahesabu mwanzo wa hotuba ya Antony, rafiki wa Caesar, kwenye mazishi ya Caesar. "Friends, Romans, countrymen, lend me your ears." Wa kwanza akapata kumi na mbili. Wa pili kumi na moja. Ikawa mjadala, wakaurudia mstari vidole vikiwa juu, mpaka mmoja akagundua kasoro iko kwenye neno la kwanza. Wengine walikuwa wanasoma "frendizi", silabi tatu. Wengine "frendzi", mbili. Neno hilo nimelisahihisha mwaka mzima kwa kusema "nisikilizeni, semeni kama mimi", na halikunyooka. Siku hiyo walilinyoosha wenyewe kwa sababu mshororo ulikuwa umezidi mizani.

Halafu tukaenda kwenye mstari wa pili, "I come to bury Caesar, not to praise him." Binti mmoja mkimya, anayekaa karibu na shina la mwembe, akanyoosha mkono. "Madam, huu hata ukiusoma vizuri ni kumi na moja." Ni kweli, ni kumi na moja, silabi moja imeachwa mwishoni inaning'inia. Nikamwambia yuko sahihi. Akauliza kwa nini. Kabla sijajibu, mwenzake akasema kwamba ni kwa sababu hapo Antony anadanganya: anasema hakuja kumsifu, na kumsifu ndiko kulikomleta. Mtoto wa Kidato cha Tatu alikuwa anausikiliza mshororo wa mwaka 1599 kama anavyosikiliza shairi la kwao, na kwangu hiyo ilitosha kulipia Jumamosi nzima.

Kurasa 17 na 18 ni mazoezi ya ulimi ya kutamka "th". Yametungwa kwa watu ambao lugha zao hazina sauti hizo. Sisi tuna maneno "thamani" na "dhahabu". Wachache wangu wanaotamka "samani" na "zahabu" niliwapa dakika tano na maneno hayohayo ya Kiswahili, tukavuka kwenda "thou" na "death". Ziruke.

Ukurasa wa 20 ni wa namba. Unaandika 1 hadi 10 kwenye vipande vya manila, kila mmoja anashika kimoja juu ya paji la uso bila kukiona, na wenzake wanamtendea kulingana na cheo cha namba hiyo mpaka akikisie. Pakiti inasema wainamiane. Wangu hawakuinamiana. Walianza kupeana shikamoo, na aliyepata shikamoo tatu mfululizo akajua yuko juu bila hata kuuliza. Nikaandika ubaoni majina: Caesar, Brutus, Cassius, mchuuzi, mtumwa. Nani angempa nani shikamoo, na nani angeitoa kwa meno yaliyobanwa? Cassius, yule anayemwingiza Brutus kwenye njama, wakasema wote. Anamwamkia Caesar lakini moyoni anakumbuka siku alipomwokoa asizame kwenye mto Tiber. Tangu hapo hotuba yake kwa Brutus, ile ndefu ambayo kila mwaka ilinishinda kufundisha, ikawa na mlango wa kuingilia.

Sasa lalamiko langu la pili, nalo ni zito. Pakiti imeruka onyesho la kwanza kabisa. Imeandika kwamba utani wa maneno ni mgumu kwa wanaojifunza lugha. Ndiyo onyesho la fundi viatu! Viongozi wawili wanawakuta mafundi mitaani siku ya kazi, wanamuuliza mmoja kazi yake, naye anajibu kwamba anatengeneza "bad soles". Neno hilo, soli ya kiatu, linatamkwa sawasawa na "soul", roho. Nililiandika ubaoni, nikatamka mara mbili, nikanyamaza. Kijana wa nyuma, ambaye mjomba wake ana banda la viatu stendi, akaruka: "Anashona soli, anashona roho!" Kiswahili tunasema soli vilevile, neno tumelichukua hukohuko. Watoto hawa wamekulia kwenye lugha ambayo kaa ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, na ni amri ya kukaa, na mbuzi anachungwa na pia anakuna nazi. Huyo mtu huwezi kumwambia utani wa maneno ni mgumu. Nilipoteza dakika kumi wakitafuta mingine ya kwao, na sizihesabu kuwa zimepotea.

Twende kwenye moyo wa pakiti, kurasa 31 hadi 35, hotuba ya Antony juu ya maiti ya Caesar. Hapa aliyeandaa amefanya kazi ya kiualimu hasa, nampa heshima yake. Darasa zima ni umma wa Roma. Msomaji mmoja ni Antony. Kila anapofika kwenye neno "honourable", sifa ya heshima anayowapa wauaji wa Caesar, umma unalirudia kwa sauti, na pembeni mwa karatasi kuna sura zilizochorwa zinazoonyesha hali: mara ya kwanza mnakubali, ya pili mnasita, ya tatu mnatazamana, ya nne mmekasirika. Hakuna maelezo ya kejeli, hakuna fasili ya kunakili. Kejeli inaingia kupitia mdomoni.

Wengi hulalamika kwamba mazoezi kama haya ni ya madarasa ya watu ishirini. Kwa hotuba hii, 46 ni neema. Ukumbi wa Globe, London, enzi za Shakespeare, watu waliolipa penny moja walisimama uwanjani mbele ya jukwaa, hawana paa, wamebanana. Sisi tulisimama uwanjani hivyohivyo, jua la saa nne likitoboa majani. Aliyesoma Antony alikuwa kijana mwenye kigugumizi kidogo. Alipofika pale Antony anapoomba asubiriwe kwa kuwa moyo wake umo ndani ya jeneza pamoja na Caesar, alikwama kweli, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu na Antony amekwama hapo. Akavuta pumzi, akaendelea. Baadaye mtu wa umma ana mstari wake: "They were traitors. Honourable men!" Niliugawa kwa binti mmoja wa nyuma. Neno lilelile alilolirudia kwa adabu dakika chache nyuma akalitema chini kama mbegu ya chungwa. Kwaya nzima ya mwembe ikageuka kumtazama.

Halafu unageuza ukurasa wa 33 na kukuta waliyoiita hotuba ya Kiingereza cha leo. Nia ni njema, kumrahisishia mwanafunzi. Lakini katika kurahisisha wamebadilisha "honourable" kila linapotokea: hapa "good", pale "noble", kule "respected", kwa kuogopa kurudia neno. Kurudia ndiko kunakofanya kazi! Antony hana silaha nyingine pale jukwaani ila neno moja analolinoa kila anapolipitia. Ukilivunja vipande vinne, unabaki na mtu anayewasifia wauaji. Nililipima hilo darasani: niliwapa kundi moja karatasi hiyo, nikawauliza Antony anawapenda Brutus na wenzake au hawapendi. Kundi zima likajibu anawapenda. Karatasi haikuwa imewapa sababu ya kujibu vingine. Nilizikusanya na hazijatoka tena kabatini. Matini halisi ya tamthiliya nzima unaipata bure kwenye tovuti ya maktaba ya Folger ya Washington, ukurasa wake mwepesi hata kwa simu ndogo. Ongeza maelezo ya maneno kumi magumu pembeni, inatosha.

Lalamiko la tatu liko ukurasa wa 3, kwa herufi nene: lugha ya nyumbani isitumike darasani. Nilitii Jumamosi mbili. Ya tatu nikaleta kitabu cha baba.

Sikukifungua. Nilikiweka mezani, nikawaambia Mwalimu Nyerere alikaa na sentensi hii kama mlivyokaa nayo nyie: Brutus ni mtu gani? Tafuteni neno moja la Kiswahili linaloweza kurudiwa kila mara, lianze kama sifa, liishe kama tusi. Wakagawanyika kwa vikundi. Cha kwanza kikaja na "mheshimiwa", na wote wakalipokea kwa vicheko kwa kuwa wanalisikia redioni kila siku Bunge likikaa. Cha pili "mwadilifu". Likakataliwa, wakasema ni neno la cheti, haliwezi kuuma. Cha tatu "mtu wa heshima". Cha nne "muungwana". Hapo wakatulia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, mmoja akasema, na Antony anamvua Brutus nguo mbele ya watu. Wakajaribu kwa sauti: Brutus ni muungwana. Tena: na Brutus ni muungwana. Mara ya nne walikuwa wanapiga kelele. Kisha nikawarudisha kwenye Kiingereza, wakasoma "honourable" kama ambavyo hawajawahi kulisoma. Nyerere alichagua nini siandiki hapa. Mwalimu mwenzangu, acha darasa lako litafute kwanza, ndipo ufungue.

Mazoezi ya safu mbili, Brutus akipita katikati huku upande mmoja ukimnong'oneza aue na mwingine asiue, ni mazuri kwa sentensi za "if" na "should". Tuliyafanya kwa nusu saa, yakaenda sawa. Mahojiano ya Portia, mke wa Brutus, yalidoda kwa sababu maswali yaliyoandaliwa ni marefu kupita majibu.

Kilichobaki ni Cinna. Ukurasa wa 40, nusu ukurasa tu. Ni onyesho fupi mno: umma uliochochewa na Antony unakutana njiani na mshairi aitwaye Cinna, jina moja na mmoja wa wauaji. Wanamzunguka. Jina lako nani? Unakwenda wapi? Unakaa wapi? Umeoa au hujaoa? Tazama maswali hayo. Ndiyo yaleyale ya kitabu cha kwanza cha Kiingereza cha shule ya msingi, mtoto dhaifu kuliko wote anaweza kuyauliza. Pakiti inasema yaulizwe kwa pamoja, haraka, bila kumpa nafasi ya kujibu. Wale wasiofungua mdomo mwaka mzima walikuwa mbele. "What is your name? Where do you live?" Sauti zilipanda, duara likabana, na kijana niliyemchagua kuwa Cinna akawa anageuka huku na huku akisema yeye ni Cinna mshairi, Cinna mshairi, si yule mwingine. Wakajibu kama ilivyoandikwa: basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya.

Nikapiga filimbi. Hakuna aliyemgusa, lakini alikuwa amejikunyata, mikono kichwani. Kimya kilichofuata sikukitengeneza mimi. Sote pale tumewahi kusikia mtu anaitiwa mwizi sokoni, na tunajua watu hawaulizi mara mbili. Binti aliyekuwa amepaza sauti kuliko wote akasema, kwa Kiingereza, pole pole, akitafuta kila neno: "We asked him. But we did not want the answer." Sikusahihisha chochote, hakukuwa na cha kusahihisha. Nikawaruhusu wakanywe maji kabla ya muda.

Kwa nusu ukurasa huo ningelipa tena. Tahadhari moja ambayo pakiti haikuitoa, nami naitoa: mchague Cinna mwenyewe, awe mtoto anayependwa na wenzake, asiwe yule anayeonewa siku zote, na weka alama ya kusimamisha mnayoijua wote. Mimi sikuwa nimeiandaa, filimbi ilikuwa shingoni kwa sababu ya mazoezi ya netiboli tu.

Ukinunua, chapa kurasa 14, 20, 31, 32, 34, 35, ile ya safu mbili ambayo ni ya 26, na ya 40. Nane, shilingi 800. Nyingine zisome kwenye simu. Nimemwandikia muuzaji kuhusu kosa la mfalme na hotuba ya ukurasa wa 33. Amejibu kwa adabu kwamba toleo lijalo atalirekebisha, na nimemwomba amrudishe fundi viatu.

Jumamosi ijayo tunaanza vita vya Philippi, ambako Brutus na Cassius wanashindwa. Huko pakiti ina kurasa mbili tu, zote za kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kwa hiyo nimeazima ngoma mbili za shule na nitaona.